Waridi Katika Shamba la Kuazima

Niragira hakuupanda ule mwaridi. Hilo aliapa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya wazee wawili wa baraza na mbele ya mbuzi wa Mzee Kazimili aliyekuja bila kuitwa, na hakusema uongo. Alichomeka kijiti tu. Kijiti kikaamua mambo yake.

Ilikuwa hivi. Niragira, mjane wa marehemu Evaristi, ndiye anayepamba altare ya kigango chao pale Nyarubungo. Pasaka moja, parokiani walileta mawaridi mekundu ndoo nzima. Sikukuu ilipopita na maua yakanyauka, mama huyu, ambaye hatupi hata kamba ya mgomba, alibeba mashina yake nyumbani kwa sababu moja tu: yana miiba. Alikuwa na vifaranga kumi na mmoja, na jirani yake alikuwa na mbwa asiye na haya. Akavichomeka vijiti kuzunguka kibanda cha kuku, pembezoni mwa mtama, akakung'uta mikono, akasahau. Vijiti vyote vikakauka kama vijiti vyenye akili, isipokuwa kimoja. Hicho kikatoa jani.

Mtu wa mbali atasema, kijiti kikichipua si heri? Thubutu! Si heri hata kidogo kama shamba ni la kuazima.

Ekari moja na nusu alizolima Niragira, pamoja na pale iliposimama nyumba yake, zilikuwa za Mzee Kazimili. Mzee alimwazima Evaristi miaka ishirini na miwili iliyopita, wakati Evaristi na mkewe walipofika Nyarubungo na godoro moja na masufuria mawili. Niragira alivushwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na tangu hapo amekaa kwenye mashamba ya watu. Huku tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee Kazimili jembe alitoa, ardhi akatoa, ila alitoa na sharti: mazao ya msimu tu. Panda mtama, panda mahindi, panda maharage. Mgomba usiguse, mbuni usiguse, mti wa aina yoyote usiguse.

"Mtama unavunwa unaondoka," alimwambia Evaristi siku ile. "Mgomba hauondoki. Kinachokaa kinadai."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana alikwisha kuumwa na nyoka. Kabla ya Evaristi, alimwazima mtu mwingine kipande kule bondeni, na mtu yule akaficha vichipukizi vya migomba katikati ya mahindi. Kila Mzee akipita, anaona mahindi. Siku mahindi yalipokatwa, loo, mashina arobaini ya migomba yamesimama, na jamaa kasimama mbele yake akisema hapa ni kwangu. Kesi ikaenda miaka mitatu. Mzee Kazimili akakosa bonde. Tangu siku hiyo, kila watu wakimaliza kuvuna, yeye huchukua fimbo yake akazunguka mashamba yake yote, akitazama chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Na kila mwezi wa tisa, kabla ya mvua, Niragira humpelekea kapu la mtama. Hupiga goti uani, husema, "Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba msimu." Naye Mzee hujibu, "Marahaba. Msimu upo." Basi, biashara imekwisha. Mara ishirini na mbili maneno yaleyale. Hata mwaka ule wa ukame, mtama ulipotoka kama ndevu za kijana, Niragira alikwenda Biharamulo mjini kwa Kuluthumu, mfanyabiashara wa nafaka, akanunua mtama wa watu, akaumwaga kapuni na kuupeleka akitembea wima, kana kwamba umetoka kwake. Alirudi nyumbani akala viazi vitamu mwezi mzima.

Sasa mnaelewa kwa nini jani moja la mwaridi lilimtoa jasho.

Angeling'oa siku ileile, mambo yangeishia hapo. Alilishika kabisa. Akaliachia. Akajiambia ataling'oa Jumamosi. Jumamosi akasema, hebu nione kwanza kama kijiti kitatoa ua, nione na rangi yake, ndipo niking'oe. Wanadamu sisi! Mtama ukakua, ukaupita mwaridi kimo, ukauficha, na yeye akajidanganya kwamba kisichoonekana hakipo.

Na alijua vizuri kwamba mti ule hauna hoja mbele ya mtama. Alikuwa akilifikiria jambo hilo kila anapopalilia. Mtama una adabu. Unaupanda, unaota, unazaa, unakupa ugali, unakupa uji, unakupa kimea cha pombe, mabua yake unawashia jiko, na ukimaliza kazi unaondoka bila maneno. Mwaridi je? Unakunywa maji, unakuchana mkono, unakaa. Mtama unaibiwa na ndege wote wa wilaya mpaka unashinda shambani unapiga debe. Mwaridi hakuna ndege hata mmoja anayeutaka. Ungeiweka yote miwili kwenye mizani, mwaridi ungepaa juu kama unyoya. Lakini asubuhi, kabla ya kuchukua jembe, ni wapi miguu ilikompeleka? Si kwenye mtama. Alikwenda kwenye kibanda cha kuku, akainama, akahesabu machipukizi, akacheka peke yake kama msichana aliyepata barua.

Mwezi wa saba mtama ulipokatwa, mwaridi ukabaki uchi, urefu wa goti. Niragira akaufunika kwa tenga la kuku. Mzee Kazimili akapita na fimbo yake, akaona tenga, akasalimu, akaenda. Mwaka wa pili mwaridi ukafika kiunoni. Akatafuta tenga kubwa, lile la kubebea nyanya, akauinamisha kidogo ukaingia. Mzee akapita tena. "Kuku wako wana nyumba kubwa," alisema. "Ndiyo mzee, wamezaana," alijibu Niragira.

Mwaka wa tatu, ambao ndio mwaka huu, hakuna tenga duniani lililotosha. Mwaridi ulikuwa umempita kichwa, umetanuka, na una maua kumi na saba mekundu yanayoonekana kutoka barabarani. Mzee Kazimili hakuhitaji hata kuingia shambani. Alisimama njiani, akaegemea fimbo, akatazama muda mrefu.

"Mama Aron."

"Abee, mzee. Shikamoo."

Mzee hakuitikia. Ndipo Niragira alipojua kwamba mambo yameharibika, maana tangu amjue, hakuwahi kuacha kuitikia shikamoo.

"Hicho ni nini?"

"Ni ua tu, mzee."

"Lina miaka mingapi?"

Mzee akapiga fimbo chini mara moja. "Jumamosi baraza, hapahapa shambani. Na mwezi wa tisa usijisumbue na kapu. Baraza likisema umevunja sharti, msimu haupo."

Msimu haupo maana yake ni shamba halipo, na nyumba iliyo juu ya shamba haipo, na mwanamke wa miaka hamsini na minne anafunga tena godoro na masufuria. Niragira aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akalia. Halafu akapangusa uso, akampigia simu mwanawe.

Aron yupo Rusumo, mpakani, ni karani kwa wakala wa forodha. Kazi yake ni kuandika mizigo ya malori kwenye fomu siku nzima, na kazi hiyo imempa hekima ya namna yake. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, akacheka.

"Mama, usilie. Huku kila kitu kinapita kwa jina lake. Lori likija, hatuulizi mzigo ni mzuri au mbaya, tunauliza unaitwaje. Sharti linasema mazao ya kudumu, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi hilo si zao. Zao linaliwa ama linauzwa. Hilo haliliwi, haliuzwi, halina faida. Wewe sema maneno hayo matatu tu, usiongeze la nne. Mama, nakujua, usiongeze la nne!"

"Niseme halina faida?"

"Halina faida. Rudia."

"Haliliwi, haliuzwi," alisema Niragira, akakohoa. "Mtandao unakatika, mwanangu."

Mtandao haukuwa unakatika.

Siku zilizobaki alifanya mazoezi huku akipepeta mtama. Haliliwi, ungo juu. Haliuzwi, ungo chini. La tatu kila likifika mdomoni lilikwama, akalimeza pamoja na vumbi la makapi.

Jumamosi ilifika na jua lake. Mwenyekiti wa kitongoji, Nice, binti wa miaka thelathini na mitano aliyewashinda wanaume wawili kwenye uchaguzi na asiyewaacha wasahau, aliketi kwenye kiti cha plastiki na daftari mapajani. Wazee wawili wa baraza walikaa kwenye benchi la kigango. Mzee Kazimili alisimama; alisema hakai mahali alipoibiwa. Nyuma yake alikuwepo yule mbuzi, amekata kamba.

"Mama Aron," Nice alianza, "mti huu uliupanda wewe?"

"Sikuupanda. Nilichomeka kijiti kuzuia mbwa."

"Na mbwa alizuilika?" aliuliza mzee mmoja wa baraza, ambaye naye alisumbuliwa na mbwa huyohuyo.

"Hata! Alikula vifaranga vinne."

"Turudi kwenye mti," alisema Nice. "Unaliwa?"

"Hauliwi."

Wakati huohuo mbuzi akanyoosha shingo, akachuma ua moja zuri kupita yote, akalitafuna bila haraka huku akiwatazama wajumbe.

"Unaliwa!" alipiga kelele Mzee Kazimili. "Andika, mwenyekiti! Unaliwa mbele ya macho yenu!"

"Mzee, mbuzi wako juzi kala kola ya shati langu," alisema mzee wa pili. "Mbona kola si zao?"

Watu walicheka, hata Nice, ingawa alijificha nyuma ya daftari. Niragira akaanza kuvuta pumzi. Wazee wakaulinganisha mwaridi na mtama kwa utaratibu mzuri: je, huu una punje? Hauna. Unasagwa? Hausagwi. Ukipata njaa, unaweza kuukimbilia? Mzee mmoja akasema ukikimbilia mti ule utatoka na miiba na njaa yako palepale. Nice akaandika. Mzee Kazimili akatafuna shavu lake kwa ndani.

"Unauzwa?"

"Hauuzwi," alisema Niragira, na sauti sasa ilikuwa imenyooka.

Bodaboda ikafunga breki njiani.

Aliyeshuka ni Kuluthumu mwenyewe, mfanyabiashara wa mtama, na baibui lake na sinia kubwa la kung'aa kwapani, na mfuko mkononi. Niragira alitamani ardhi ipasuke, iwe ya kuazima au ya kununua, immeze. Alikuwa amesahau! Wiki tatu zilizopita, kabla ya Mzee kupita njiani, Kuluthumu alikuja kununua mtama nyumba kwa nyumba, akayaona mawaridi, akashika kifua. Binti yake Naima anaolewa. Babu zake Kuluthumu walitoka pwani na biashara zao, na kwao bibi harusi bila waridi ni kama chai bila sukari. Wakapatana.

"Mama Aron wee! Maua yangu yako tayari? Doti yako ya khanga hii hapa, nimekuchagulia nzuri, usiniangushe, shoga yangu, ndoa kesho!" Ndipo alipoona kiti cha plastiki, benchi na daftari. "Kuna msiba?"

Mzee Kazimili hakupiga kelele safari hii. Alimtazama Niragira tu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeyaona haya zamani, kule bondeni.

Nice alishusha kalamu. Alimpenda mama huyu; ndiye aliyempamba siku ya kipaimara chake. Akatafuta njia ya kumwokoa. "Doti moja si biashara," alisema polepole. "Hiyo ni zawadi ya majirani. Mama Aron, tumalize. Sema tu kwa ajili ya maandishi: mti huu una faida yoyote kwako, au hauna?"

Njia ilikuwa wazi. Neno moja, aingie ndani achemshe chai. Niragira alifungua mdomo, akautazama mwaridi wake, akaona mahali mbuzi alipouchuma, na hasira ikampanda, hasira ya miaka mingi aliyodhani alikwisha kuipepeta.

"Mwenyekiti, futa yote," alisema. "Aron atanigombeza, na anigombeze. Faida unayo. Unakaa! Hiyo ndiyo faida yake. Mtama naupenda, umenilea, umenilelea watoto. Lakini mtama kila ukivunwa nakwenda kupiga goti upya. Miaka ishirini na miwili napiga goti. Nimemzika mume wangu kwenye makaburi ya kigango, mwezi uleule nikapiga goti niombe msimu. Huu mti haukunituma kwa mtu. Nalala upo, naamka upo. Kila asubuhi nakuja kuutazama nasema, angalau mmoja wetu amekaa." Akamgeukia Mzee Kazimili. "Mzee, nilikuficha. Tenga la kuku lilikuwa uongo, na hata kuku wenyewe hawakuzaana. Nisamehe. Lakini usiniulize kama nataka msimu. Nataka kukaa."

Hata mbuzi aliacha kutafuna. Kuluthumu alikuwa ameshusha sinia, anafuta machozi kwa ncha ya khanga ya watu.

Mzee Kazimili akauliza swali dogo. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeung'oa."

Mzee akafikiri. "Kweli. Ningeung'oa." Akanyoosha mkono. "Nipe panga."

Niragira alikwenda kulileta mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amletee. Akalitoa kwa mikono miwili, akageuza uso. Akasikia panga likilia mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne, na Mzee akiapa kwa lugha yake ya Kisubi kwa sababu ya mwiba. Alipogeuka, mwaridi ulikuwa umesimama palepale. Mzee alikuwa ameshika vijiti vinne, na kidole gumba kinamtoka damu.

Alitembea mpaka kona ya juu ya shamba, pale kwenye jiwe, akachomeka kijiti. Akashuka mpaka kona ya mfereji, akachomeka cha pili. Watu wakamfuata kama maandamano, mwenyekiti na daftari lake, wazee, Kuluthumu na sinia, dereva wa bodaboda aliyesahau kwamba ana abiria wengine. Kona ya tatu, kona ya nne. Huko ndipo alipozungumza, akihema.

"Yule wa migomba kila mwaka aliniambia msimu mmoja tu, mzee, msimu mmoja tu. Wote huniambia hivyo. Wanangu wenyewe, wako Geita kwenye dhahabu, wanasema tunarudi msimu ujao. Hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni akasema anataka kukaa." Akanyonya kidole chake. "Kinachokaa kinadai. Haya, na kidai. Mwenyekiti, andika: kutoka waridi mpaka waridi mpaka waridi mpaka waridi, ni kwa Niragira. Wazee waweke dole gumba. Langu tayari lina wino."

Akabonyeza damu yake kwenye daftari la kitongoji. Nice alisema muhuri wa namna hiyo haupo kwenye utaratibu, lakini hakuufuta.

"Mana yanje!" ndilo neno pekee lililomtoka Niragira, yaani Mungu wangu, na lilimtoka kwa lugha ya mama yake. Akapiga goti kwa mazoea. Mzee akamwambia ainuke, atachafua nguo bure, na shamba ni lake.

Kuluthumu aliondoka na sinia limejaa, na huko Biharamulo mjini wanasema Naima alipendeza kupita kiasi. Vijiti vitatu vilishika. Cha nne kililiwa na mbuzi, na Mzee Kazimili alileta kingine mwenyewe, akakizungushia miiba ya mgunga.

Mwezi wa tisa ulifika. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Rwanda, na asubuhi moja Niragira alijikuta amejitwika kapu la mtama, yuko nusu ya njia, ndipo akakumbuka. Akasimama, akajicheka. Halafu akaendelea kutembea.

Mzee Kazimili alikuwa uani anatengeneza mpini. Akaliona kapu, akakunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini tena?"

"Siombi kitu."

"Na huo mtama ni wa nini?"

"Wa kula, mzee. Umetoka kwangu."

Mzee alilitazama kapu, akamtazama na yeye. Kisha akageuka, akaita kuelekea jikoni, "Leteni kigoda! Kuna mtu amesimama hapa." Niragira akatua kapu lake, akakaa.